Jinsi ya kuitambua pampasi ya kweli na kuipa jina lake, usije ukauziwa mabingobingo kama mimi

Tuanze na jina maana lenyewe linachekesha. Hapa Mbeya ukiingia dukani ukasema unatafuta pampasi unaulizwa mtoto ana kilo ngapi. Mi naongelea ile nyasi ya mapambo, yenye masuke marefu kama manyoya, ambayo wapambaji siku hizi wanaichomeka kila sendofu na kila kichenpati, nyeupe au rangi ya krimu, wengine wanaipiga pinki. Jina limetoka kwenye tambarare kubwa za Argentina na Uruguay zinazoitwa Pampas, huko ndo kwao.

Mwaka juzi nilinunua miche kumi kwa kijana mmoja aliyekuwa anapitisha maua na toroli, akanionyesha picha kwenye simu, masuke meupeee, nikalipa bila hata kupunguziwa. Nikapanda mstari pembeni ya geti, kiangazi chote namwagilia maji ya kununua, mvua za Novemba zilipoingia vikashtuka, vikapanda, vikatoa mabua manene yenye pingili kama muwa. Mama mkwe akaja kutoka Tukuyu, hata mzigo hajatua, akasimama getini akaangalia akasema, "Mwanangu, mbona chakula cha ng'ombe umekileta mpaka mlangoni?" Mabingobingo yale. Jirani mwenye ng'ombe wa maziwa amefaidi mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa moja tu, niliangalia suke la kwenye picha. Suke ndo kitu cha mwisho kuangalia, na kwenye mche mdogo halipo kabisa. Pampasi inatambulika kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo piga magoti.

Vitu vya kubeba: glavu (tena zile nene za bustani, za nailoni zinachanika), tepu ya fundi, simu yenye kamera inayovuta karibu, na karatasi nyeusi au hata sufuria lililoungua matako, kazi yake utaiona mbele.

Chini kabisa

Sogeza majani uangalie yanatokea wapi. Pampasi haina bua mpaka siku inapotaka kutoa suke. Majani yote yanatoka chini kwenye kishungi kimoja kilichobanana, yanapanda halafu yanainama pande zote kama maji ya bomba lililopasuka. Ukiona bua limesimama lina pingili, na majani yamepangwa huku na huku kwenye bua kuanzia chini mpaka juu, ondoka hapo. Hayo ni matete, au mabingobingo, au ndugu wa muwa. Na matete ukichimba kidogo unakuta mzizi mnene kama kamba unatambaa chini kwa chini kwenda kutoa bua lingine hatua mbili mbele, waliowahi kulima mpunga Usangu wanajua ule usumbufu. Pampasi haitambai hivyo, inanenepa tu hapo hapo ilipo, mwaka hadi mwaka, mpaka kishungi kinakuwa kipana kuliko mkumbatio wa mtu.

Hatua hii peke yake imeshaniokolea hela nyingi. Kwenye miche ya kwenye viroba pia inafanya kazi, ukiona kimche kina kabua kenye kifundo hata kama ni kadogo, mwambie muuzaji asante.

Na usijione mjinga kama uliichanganya na matete. Wataalamu wenyewe mwaka 1827 walipoiandika kwa mara ya kwanza waliiita Arundo selloana, na Arundo ndo jenasi ya yale matete makubwa ya Ulaya na Asia. Baadaye ikaitwa pia Gynerium argenteum, jina ambalo bado unalikuta kwenye vitabu vya zamani vya maua. Jenasi ya Cortaderia ilikuja kuundwa 1897, na jina tunalotumia leo, Cortaderia selloana, likakamilika 1900. Yaani imewachukua miaka zaidi ya sabini kuitoa kwenye kundi la matete, sembuse mimi na picha ya simu.

Jani

Vaa glavu kwanza. Cortaderia imetokana na neno la Kihispania la kukata, na hawakukosea. Shika jani, pitisha kidole taratibu kutoka chini kwenda kwenye ncha, halina shida. Ukirudisha kidole kutoka ncha kuja chini unakutana na msumeno. Kingo zina vijino vidogo vidogo vimeelekea juu, kwa macho huvioni vizuri lakini ngozi inaviona. Kwa hiyo kama una watoto wanaocheza getini usipande njiani, panda kona.

Kipimo: jani la pampasi ni jembamba na refu, upana sentimita moja hivi au pungufu, urefu mita moja mpaka mbili. Mabingobingo jani lake linaenda mpaka sentimita tatu nne za upana. Guatemala, ile ya malisho ambayo wafugaji wengi huku juu wanaipanda, ni pana zaidi, hiyo hata gizani huwezi kuikosea.

Halafu fuata jani mpaka pale linapoachana na ala yake, ile sehemu inayokumbatia kishungi. Likunje kidogo nje, vuta kamera. Kwa ndani utaona mstari wa vinywele vyeupe vimepangwa kama brashi ya mswaki. Kwenye muhindi pale pale unakuta kijingozi chepesi, siyo vinywele. Ila usishangilie mapema, matete nayo yana vinywele na mabingobingo vile vile, kwa hiyo alama hii ni ya kuongezea kwenye ile ya kishungi, haiwezi kusimama peke yake.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni majani yaliyokufa. Pampasi yenye umri wa mwaka na kitu, funua chini kwenye majani makavu, utakuta yamejisokota yanafanana kabisa na maranda, yale ya randa ya seremala. Mtu wa Mafinga huwezi kumwelezea maranda, amezaliwa nayo, anamwagia kuku. Ukiyaona yale chini ya kishungi cha nyasi zenye msumeno, kwangu mimi kesi imeshaisha kwa asilimia kubwa, unajua una Cortaderia, kilichobaki ni ipi.

Suke, sasa

Suke la pampasi ni kubwa. Kwenye kichaka kilichokomaa linaanzia sentimita thelathini na linaweza kukaribia mita moja, liko juu ya bua lililonyooka lisilo na fundo fundo za kutoa matawi, na ukijumlisha na bua lake kichaka kizima kinafika mita mbili na nusu, tatu. Ukiona mtu anakuuzia "pampasi ndogo ya asili" inayofika magotini yenye masuke ya pinki yanayong'aa jua likipiga, hiyo ni ile nyasi ya kandokando ya barabara, Melinis repens, imejaa kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kachume bure. Nyingine yenye mkia mweupe mwembamba kama utambi wa taa, inayotokea sana baada ya moto, ni Imperata, nayo siyo. Suke la matete lina rangi ya kahawia inayoelekea zambarau na mara nyingi linainamia upande mmoja kama limechoka. Ile yenye mkia kama wa mbweha, ya mviringo, inayouzwa kwenye vitalu vya maua, ni ndugu wa mabingobingo aliyevaa suti.

Na kama ulichonacho ni suke kavu la dukani, lenye rangi kali, chukua kitambaa chenye maji ulifute kwanza. Rangi ikibaki kwenye kitambaa hujajua bado lilikuwa la nini.

Jike au dume, hapa ndo penye hela

Wengi hawajui kwamba pampasi ina jinsia, na wapambaji wanajua lakini hawasemi. Cortaderia selloana iko ya aina mbili: kuna mimea ambayo maua yake yote ni ya kike, na kuna mimea yenye maua ya vyote viwili lakini ambayo kikazi ni madume, inatoa chavua nyingi na mbegu kidogo sana au hakuna. Suke la jike limejaa, laini, linang'aa kama hariri, kwa sababu kila kijiua kina nywele ndefu. La dume ni jembamba, limenyooka, linaonekana kama limenyolewa. Kwa mapambo kila mtu anataka jike.

Kupima: subiri suke likiwa limetoka karibuni na kumefunguka kukavu, siyo asubuhi ya ukungu wa Juni hapa Uyole maana hutapata kitu. Liinamishe juu ya karatasi nyeusi au lile sufuria, likung'ute taratibu. Vumbi la njano likimwagika ni dume. Lisipomwagika rudia kesho yake kabla hujaamua, halafu vuta kamera kwenye kijiua kimoja uangalie hizo nywele.

Hii inakuambia pia kwa nini usinunue pampasi ya mbegu kama unataka biashara. Mbegu inachanganya, unapanda mia unapata majike na madume, marefu na mafupi, na hujui lipi ni lipi mpaka zichanue, hiyo inaweza kuwa miaka miwili mitatu. Pampasi ya uhakika ni ya kumega kishungi, unachukua jembe au shoka unakata kipande chenye mizizi na majani kutoka kwa mama ambaye umeshamwona suke lake kwa macho yako. Kipande kitakuwa kama mama, jike ni jike. Mi za kwangu za sasa nilimegewa na mama mmoja Mafinga mwenye kichaka cha siku nyingi, tulikata na shoka mpaka nikaomba maji.

Selloana au jubata?

Hapa taratibu kidogo maana ndo sehemu ngumu na ndo yenye madhara. Cortaderia ziko kadhaa lakini mbili ndo zimesambaa duniani kama mapambo. Selloana nimeshaielezea, ameitwa hivyo kwa heshima ya Friedrich Sellow, Mjerumani aliyekusanya mimea Brazil na Uruguay na akafa maji 1831. Ya pili ni Cortaderia jubata, kwao ni milima ya Andes, kule Ecuador, Peru na Bolivia.

Simama mbali, angalia umbo. Selloana masuke yake yanakaa karibu na majani au yanazidi kiasi, kichaka kinaonekana kimoja. Jubata mabua yanapaa juu sana kupita majani, kama antena. Halafu sogea. Majani ya selloana yana ubluu au ukijivu fulani na ncha zake ni nyembamba sana zinajikunja kunja, ya jubata ni ya kijani kibichi na ncha hazijikunji vile. Ala za jubata zina manyoya mengi, za selloana ni laini au zina machache. Suke la jubata linatoka na rangi ya zambarau au pinki iliyokolea kisha linafifia kuwa kahawia, la selloana kwa kawaida ni jeupe au la fedha.

Kwa kawaida, nimesema. Rangi ndo mtego maana kuna selloana za pinki zilizochaguliwa makusudi, mojawapo inaitwa Rendatleri, kwa hiyo ukiona pinki usikimbilie kusema jubata. Hesabu alama, zikikubaliana tatu nne ndo unasema.

Kuna kipimo kingine kizuri. Jubata yote ni majike, hakuna dume duniani, na inatengeneza mbegu bila kuchavushwa. Kama una kichaka kimoja, unajua fika mtaa mzima na vijiji vya jirani hakuna pampasi nyingine, sufuria halijawahi kupata vumbi la njano, halafu ukitandaza mbegu zake kwenye mchanga mbichi zinaota, hapo mashaka yawe makubwa. Selloana jike anahitaji chavua ya mwenzake, na upepo unaweza kuileta kutoka mbali, ndo maana nasema mashaka, sijasema hukumu.

Madhara niliyosema ni haya. Suke moja la jubata linaweza kubeba mbegu mpaka laki moja na ni nyepesi kama vumbi, upepo unazipeleka mbali sana. California na New Zealand wanapambana nazo zote mbili, selloana na jubata, na Afrika Kusini, ambako zamani selloana ilipandwa kwenye vifusi vya migodi ya dhahabu Johannesburg ili ishike vumbi, leo zote ziko kwenye orodha ya mimea vamizi. Sasa sisi tuko jirani na Kitulo, hifadhi tangu 2005, nyasi na maua matupu juu kule mita 2,600, watu wanaiita Bustani ya Mungu, halafu mtu anataka kupanda mstari wa jubata Makete eti inapendeza. Kama hujajua una ipi, kata suke kabla halijafumuka. Selloana nayo kata, ya mapambo yenyewe inakatwa mapema ili isipukutike sebuleni.

Kidogo kuhusu aina za bustani: ndani ya selloana kuna zilizopewa majina na wauza maua wa Ulaya. Pumila ni fupi, mita moja na nusu hivi, inafaa uwanja mdogo. Sunningdale Silver ni ndefu yenye masuke ya fedha. Aureolineata ina majani yenye kingo za njano, Albolineata nyeupe. Zenye mistari unazijua kwa jani, hizo nyingine siamini mtu anayezitaja kwa picha, wala mwenyewe sizitaji. Kwenye kitalu changu kibao kinasema hivi: selloana, jike, jeupe, urefu kadhaa, imemegwa wapi. Mteja akitaka jina la Kiingereza la kupendeza aende kwingine.

Kuandika na kuhakikisha

Ukitaka jibu ambalo halina ubishi unahitaji sampuli, siyo picha moja ya mbali yenye wewe mwenyewe umesimama mbele. Chukua suke zima (likunje kama linazidi gazeti), jani zima pamoja na ala yake, na kipande cha chini chenye yale maranda. Tandaza katikati ya magazeti, weka mbao juu na mawe, badilisha magazeti kila siku mpaka ikauke, na msimu wa mvua huku kwetu hiyo siyo kazi ya siku mbili. Andika papo hapo: tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari (simu inakuonyesha), urefu wa majani na urefu wa mabua kila kimoja peke yake, rangi ya suke likiwa bichi maana likikauka zote zinafanana, na vumbi la njano lilikuwepo au la. Herbaria ya taifa iko Arusha, huko ndo zinakohifadhiwa sampuli kama hizi. Kwa hapa karibu, mimi ningeanza kuulizia TALIRI Uyole, kituo cha utafiti wa mifugo, watu wa malisho wamezoea kuangalia nyasi kwenye vinywele vyake.

Na kwenye daftari lako iweke kwenye ukoo wake: familia ni Poaceae, familia ya nyasi zote, muhindi, ngano, muwa, hata ule mwanzi wa ulanzi wa Iringa ni nyasi, ukinywa ulanzi umekunywa nyasi. Familia ndogo ni Danthonioideae, jenasi Cortaderia, spishi ndo hiyo uliyoitafuta. Ukisoma mitandaoni ukakuta picha za New Zealand zimeandikwa toetoe, zile zinafanana sana na zamani ziliwekwa humu humu kwenye Cortaderia, sasa zimehamishiwa jenasi nyingine, Austroderia. Majani yao makavu hayajisokoti kama maranda. Unaona sasa kwa nini naipenda ile alama.

Moja la pembeni, majani makavu ya pampasi yanashika moto kama karatasi, kwa hiyo wenye viwanja vinavyopakana na misitu ya misindano, Sao Hill na kwingineko Mufindi, msiipange kwenye mpaka.

Mi sasa hivi ninavyo vichaka vitatu. Viwili ni majike ya selloana, nimeshavipima mara mbili mbili. Cha tatu nilipewa na rafiki kutoka Njombe, ncha hazijikunji vizuri, ala zina manyoya, na msimu uliopita bua lilipaa likanipita kichwa huku majani yamebaki kiunoni. Nimekifunga kitambaa chekundu. Suke likichungulia nalikata, nalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, moja tu nimeliweka kwenye magazeti chini ya godoro la wageni, na mama mkwe akija analalia hapo bila kujua.